Uzi: Ndege za jeti za Ujerumani zilikwamia kwenye nikeli, gundi na mafuta

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita, kwenye mjadala wa silaha za Vita Kuu ya Pili, mchangiaji mmoja aliandika kwamba Wajerumani wangeongezewa miezi sita tu, ndege zao za jeti zingelisafisha anga la Ulaya na vita vingegeuka. Wengi wakaunga mkono. Nilianza kumjibu palepale, jibu likawa refu, nikaona bora nilifungulie uzi wake.

Nijitambulishe kidogo mjue nasimama wapi. Mimi ni fundi wa injini za dizeli, mwaka wa kumi na tisa huu nashinda chini ya malori. Historia ya injini naisoma usiku, kwa mapenzi. Kwa hiyo nikionyeshwa picha ya Messerschmitt Me 262, jicho langu haliendi kwenye lile umbo lake kama papa. Linaenda kwenye yale mapipa mawili yaliyoning'inia chini ya mabawa. Hadithi yote imo mle.

Sifa zake kwanza, maana ni za haki. Me 262 ilikimbia kilomita 870 kwa saa, wakati P-51 Mustang ya Wamarekani ilikuwa inacheza kwenye 700. Puani ilibeba mizinga minne ya milimita 30, na risasi chache tu za mzinga ule zilitosha kuiangusha ndege kubwa ya mabomu. Rubani aliyeikalia kwa mara ya kwanza baada ya miaka ya propela aliona dunia imebadilika. Hayo sibishani na mtu.

Sasa tufungue boneti.

Injini yake ni Jumo 004, kazi ya mhandisi Anselm Franz wa Junkers, mjini Dessau. Toleo la mwanzo lilitengenezwa kwa vyuma vizuri: nikeli, kromiamu, kobalti. Ndilo lililoirusha Me 262 kwa jeti tupu tarehe 18 Julai 1942, rubani akiwa Fritz Wendel. Lakini Ujerumani haikuwa na vyuma hivyo vya kutosha kutengeneza maelfu ya injini. Franz akaambiwa aichore upya itumie vyuma adimu kwa kiasi kidogo kabisa. Ndipo ikaja 004B, ambayo chemba zake za mwako zilikuwa za chuma cha kawaida kilichopakwa alumini ili kisiliwe na kutu ya moto. Mapanga ya turbini, lile gurudumu linalozungushwa na hewa ya moto, baadaye yakafanywa matupu ndani ili hewa ipite iyapoze, na kwenye aloi mojawapo, yaani mchanganyiko wa metali, nikeli ikatolewa, manganizi ikachukua nafasi yake.

Kama fundi namvulia kofia Franz. Kutengeneza injini ya jeti bila nikeli ni sawa na kupika pilau la harusi bila mafuta likaliwa. Ila lilikuwa na bei yake. Injini hiyo ilihesabiwa maisha ya saa kama 25, na nyingi hazikufika, zilitolewa kwenye ndege baada ya saa kumi tu. Si siku kumi, wakuu. Saa.

Niwaeleze kinachotokea mle ndani, kwa sababu nimekiona kwa macho yangu. Miaka kadhaa nyuma nililetewa lori lililofungwa tabo ya bei rahisi muda mfupi tu kabla. Tabo ni kile kifeni kinachozungushwa na moshi wa injini ili kisukume hewa zaidi ndani yake. Lilikuwa linatoa moshi mweusi na kupiga mluzi likipanda mlima. Nilipoifungua ile tabo, mapanga ya upande wa moto yalikuwa yamegeuka rangi, bluu na zambarau kama mafuta juu ya maji, na ncha zake zilikuwa zimekwangua nyumba ya tabo mpaka pakawa na mtaro unaong'aa. Nilitafuta jiwe, nati, chochote kilichoingia mle. Hakuna. Chuma chenyewe kilikuwa kimerefuka.

Ndivyo chuma dhaifu kinavyofanya. Ukikipiga moto mkali huku mzunguko unakivuta kwenda nje, hakikatiki siku hiyo. Kinavutika polepole, unywele kwa unywele, mpaka siku kinagusa ukuta. Nikeli na kobalti kazi yake ni kukizuia kisivutike. Sasa chukua hali ile ya tabo ya lori uiweke kwenye Jumo 004 inayozunguka mara 8,700 kwa dakika, hewa yake ikiwa na moto wa zaidi ya nyuzi 700, halafu mpe kijana wa miaka ishirini akapigane nayo.

Kisha kuna mkono wa mafuta. Kwenye ndege ya propela rubani akihisi anashuka chini mno, anausukuma mkono mbele na injini inaitika mara moja. Kwenye Jumo, ukiusukuma haraka wakati mzunguko uko chini, mafuta yanamwagika kuliko hewa, moto unapanda ghafla, mapanga yanaungua au injini inazima kabisa. Ilibidi usukume kidogo kidogo kwa subira. Maana yake ni kwamba ukija kutua, umeshatua. Huwezi kubadili nia sekunde ya mwisho. Marubani wa Mustang waliligundua hilo upesi, wakaacha kuzifukuza Me 262 angani na kwenda kuzisubiri nyumbani kwao, zikiwa zimeteremsha magurudumu, polepole, zimenyooka kama basi linaloingia stendi.

Walter Nowotny, rubani aliyehesabiwa ushindi 258, alikufa tarehe 8 Novemba 1944 karibu na uwanja wa Achmer akiwa kwenye Me 262, baada ya kutoa taarifa kwenye redio kwamba injini moja imezima. Jenerali Adolf Galland alikuwa uwanjani siku hiyo. Mwaka 1945 kikosi cha Galland, JV 44, kilifikia hatua ya kuweka ndege za propela, Focke-Wulf 190, kulinda jeti wakati wa kuruka na kutua. Tumbo la zile Focke-Wulf lilipakwa rangi nyekundu na mistari myeupe ili wapiga mizinga wao wenyewe wa chini wasizitungue. Ndege ya kisasa kuliko zote duniani ilihitaji mlinzi wa mtindo wa zamani ili ifike chini salama.

Naishia hapo kwa sehemu ya kwanza. Karibuni kwenye mjadala.

Kitasa:
Mkuu, uzi umeshiba. Ila hujamgusa mhusika mkuu. Hitler ndiye aliyeharibu, aliamuru Me 262 iwe ndege ya mabomu badala ya ya kivita, ikachelewa mwaka mzima. Kila mtu analijua hili.

Mwanzisha uzi:
Mkuu Kitasa, asante kwa kulileta, maana ndilo linalorudiwa kuliko yote. Kuonyeshwa Me 262 alionyeshwa, tarehe 26 Novemba 1943 kule Insterburg, na amri ya mabomu ipo, ilileta vurugu ya kweli viwandani na vikosini. Lakini tazama kalenda. Jumo 004B haikuanza kutoka kiwandani kwa wingi mpaka katikati ya mwaka 1944. Kabla ya hapo kulikuwa na maboma ya ndege yanasubiri injini. Hata Hitler angeamuru siku ileile ziwe za kivita zote, zingepaa kwa kutumia nini? Majenerali walioandika kumbukumbu zao baada ya vita walikuwa na kila sababu ya kumtwisha lawama mtu aliyekwisha kufa.

Nikupe na kisa cha zamani zaidi kidogo. Tarehe 25 Machi 1942 waliijaribu Me 262 ikiwa na injini za jeti za BMW, na kwa tahadhari walikuwa wameiacha injini ya propela puani. Jeti zote mbili zilikufa muda mfupi baada ya kupaa. Wendel alirudi chini kwa ile propela. Huo ndio umbali uliokuwepo kati ya karatasi na anga.

Na Julai yake, siku ya ile safari ya kwanza ya jeti tupu, ndege bado ilikuwa imekaa kwa gurudumu la mkiani. Bila upepo wa propela kupuliza mkia, vibawa vya nyuma havikuwa na hewa ya kushika, na mkia haukunyanyuka. Wendel alitakiwa aikimbize mpaka kilomita 180 kwa saa, kisha aguse breki katikati ya kukimbia ili pua iiname na mkia upande. Fikiria unakanyaga breki huku njia ya kurukia inaishia mbele yako. Baadaye wakaweka gurudumu la puani, nalo likawa na ugonjwa wake wa kuvunjika.

Mwana wa Ruaha:
Nauliza kwa nia ya kujifunza. Hivi yale mabawa yaliyolala nyuma ya Me 262 si ndiyo siri ya kasi yake? Nimesoma kwamba dunia nzima iliiga pale.

Mwanzisha uzi:
Swali zuri sana. Elimu ya mabawa yaliyolala nyuma ni ya Wajerumani kweli. Adolf Busemann aliieleza hadharani mwaka 1935 kwenye mkutano wa wanasayansi Italia, na baada ya vita ikaingia kwenye F-86 ya Wamarekani na MiG-15 ya Warusi. Ila kwenye Me 262 mabawa yalilazwa, nyuzi 18 na nusu tu, kwa sababu injini zilitoka nzito kuliko zilivyotarajiwa, ikabidi kurekebisha uzani wa ndege. Ilikuwa dawa ya mizani.

Ukiipita kasi yake ya mwisho kwenye kupiga mbizi, karibu asilimia 86 ya kasi ya sauti, pua ilikuwa inavuta chini yenyewe na usukani unakuwa mgumu. Waliofika huko wengi hawakurudi kusimulia.

Na kwa kuwa umeitaja dunia kuiga, kuna jambo linalonigusa kuhusu MiG-15. Warusi walipochukua viwanda vya Ujerumani walitengeneza Jumo 004 kwa jina la RD-10 na BMW 003 kwa jina la RD-20. Walizirusha, wakaziona zilivyo. Lakini MiG-15 iliyowatisha Wamarekani Korea ilitumia injini iliyonakiliwa kutoka Rolls-Royce Nene, ambayo Uingereza iliwauzia Warusi mwaka 1946. Kwenye mabawa waliwasikiliza Wajerumani, kwenye injini wakaenda kwa Waingereza.

Kijana wa Lubumbashi:
Jambo wote. Mimi ni wa Katanga. Umetaja kobalti nikaona niingie. Wakati wa vita ile kobalti nyingi ya dunia ilitoka hapa kwetu, kwa Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji. Kongo ilikuwa ya Wabelgiji, na Ubelgiji iliposhindwa na Wajerumani mwaka 1940 madini yetu yalibaki upande wa Uingereza na Marekani. Je, yaliingia kwenye ndege?

Mwanzisha uzi:
Ndugu yangu, karibu sana, na umeleta kitu ambacho sikukiweka nikihofia uzi kurefuka.

Yaliingia. Zile ndege kubwa za B-17 zilizokuwa zinapiga Ujerumani zilipaa juu mno, mita elfu saba na zaidi, ambako hewa ni nyepesi. Injini zao zilihitaji tabo ili zipate pumzi. Mapanga ya tabo zile yalimiminwa kwa aloi ya kobalti, na ndiyo yaliyovumilia moto saa baada ya saa. Kwa hiyo angani juu ya Ujerumani kulikuwa na kundi moja lenye kobalti na nikeli, na lingine lenye alumini iliyopakwa juu ya chuma cha kawaida.

Na Katanga haikutoa madini hayo bila kilio. Desemba 1941 wafanyakazi wa migodi waligoma wakidai mishahara, na kule Élisabethville, yaani Lubumbashi yako ya leo, askari waliwafyatulia risasi uwanjani, wakafa makumi, akiwemo kiongozi wao Léonard Mpoyi. Watu wanaopenda kuhesabu ndege zilizotunguliwa wawahesabu na hao.

Upande wa Ujerumani milango ilikuwa inafungwa mmoja baada ya mwingine. Kromiamu ilitoka Uturuki, Uturuki ikasitisha Aprili 1944. Tangisteni ya Ureno ikakatwa mwaka huohuo. Nikeli ya Petsamo kule kaskazini ya Ufini ikapotea Oktoba, Warusi walipofika. Anayesema "miezi sita ya ziada" aniambie, miezi hiyo ingeleta nikeli kutoka wapi?

Kijana wa Lubumbashi:
Aksanti sana. Habari ya Mpoyi wazee wangali wanaisema hapa. Sikutegemea kuikuta kwenye uzi wa ndege.

Bibi Hisabati:
Naomba tuzungumzie Me 163 Komet, ile ya roketi. Hiyo nikeli haikuihusu sana, na kasi yake ilikuwa zaidi ya hata Me 262.

Mwanzisha uzi:
Ni kweli kabisa, na Komet ndiyo inayoniumiza roho kuliko zote.

Tarehe 2 Oktoba 1941 Heini Dittmar aliipeleka zaidi ya kilomita 1,000 kwa saa kule Peenemünde. Mwaka 1941! Mchoraji wake alikuwa Alexander Lippisch. Ikipaa, ilifika mita elfu kumi na mbili kwa dakika kama tatu na nusu. Hakuna kitu angani kilichoweza kuikimbilia.

Ila mafuta yake yalikuwa ya dakika saba na nusu hivi, basi. Roketi ikizima, wewe ni kipande cha mbao na chuma kinachoteleza angani bila injini, na Mustang zinakuona unavyoshuka. Hata zile dakika zenye moto zilikuwa na balaa lake: ndege ya mabomu inakwenda polepole, wewe unaijia kwa kasi mara mbili yake, mizinga yako inataka uwe karibu, kwa hiyo muda wa kulenga ni sekunde mbili tatu. Vikosi vyote vya Komet, pamoja na ndege zaidi ya 300 zilizotengenezwa, havikufikisha hata ndege ishirini za adui zilizothibitishwa.

Sasa hayo mafuta. Yalikuwa vimiminika viwili. Kimoja ni haidrojeni peroksidi kali ya asilimia 80, waliiita T-Stoff. Kingine ni mchanganyiko wenye haidrazini na methanoli, C-Stoff. Vikikutana vinawaka vyenyewe bila kiberiti. T-Stoff ikigusa nguo, ngozi, mbao au jani kavu, inaunguza. Gari la kuleta kimoja halikuruhusiwa kuwa karibu na gari la kingine, na kila tone lililodondoka lilioshwa kwa maji mengi kabla ya mtu mwingine kusogea. Rubani alivaa suti maalumu ya kuzuia dawa hiyo, lakini matangi mawili ya T-Stoff yalikuwa ndani ya chumba chake, moja kushoto na moja kulia kwa kiti. Anakaa katikati yake.

Kuruka aliruka kwa kigari cha magurudumu kinachodondoshwa, kutua alitua kwenye majani kwa skidi, yaani ubao wa kuteleza chini ya tumbo la ndege. Kama kuna mafuta yamebaki na skidi imegonga kwa nguvu, mnajua kinachofuata. Na hata bila moto, kishindo kile kiliwavunja watu uti wa mgongo. Vijana wenyewe walijitolea kuirusha, wengi walikuwa hodari wa kurusha ndege zisizo na injini, na nikisoma habari zao nawaza zaidi juu ya yule fundi wa uwanjani aliyekuwa anawamiminia ile T-Stoff pembeni ya mapaja yao.

Kitasa:
Mkuu naona unachagua zenye matatizo tu. Vipi He 162, ile ndogo ya mbao? Ilichorwa na kuruka ndani ya miezi mitatu. Nchi gani leo inaweza?

Mwanzisha uzi:
Ilitolewa zabuni Septemba 1944, ikaruka tarehe 6 Desemba 1944. Nakubali, kasi hiyo ya kazi inashangaza. Injini moja ya BMW 003 mgongoni, mabawa ya mbao, na kiti cha kumrusha rubani nje, kitu kipya wakati huo.

Lakini tusimame kwenye gundi. Gundi nzuri ya plaiwudi waliyokuwa nayo, Tego-Film, ilitengenezwa kwenye kiwanda cha Wuppertal, na kiwanda kile kilikwisha kupigwa mabomu. Wakatumia mbadala. Mbadala ule ulikuwa na asidi ndani yake, na asidi ikawa inaila mbao yenyewe, kimyakimya, baada ya kuungwa. Kwa nje unaona bawa laini limepakwa rangi. Ndani kiungo kinaoza.

Kwenye safari ya kwanza kabisa mlango wa gurudumu ulibanduka. Siku nne baadaye, tarehe 10 Desemba, rubani Gotthold Peter aliirusha mbele ya wakubwa waliokuja kuitazama karibu na Vienna. Akapita chini kwa kasi, ukingo wa mbele wa bawa la kulia ukang'oka, ndege ikabinuka na kuanguka, akafa palepale. Hawakusitisha mradi.

Na mpango ulikuwa nini? Vijana wa umoja wa Hitler, waliofundishwa kwa ndege zisizo na injini, ndio wakabidhiwe jeti hii. Wale marubani wazoefu walioijaribu walisema inahitaji mkono mwororo sana. Wangeua watoto wao wenyewe kwa mamia.

Mbao si kosa. Mosquito ya Waingereza ilikuwa ya mbao, na ni mojawapo ya ndege bora za vita ile. Walikuwa na gundi yake, na muda wa kuiacha ikauke.

Mwana wa Ruaha:
Na Horten, lile bawa tupu lisiloonekana kwa rada? Nimeona video nyingi.

Mwanzisha uzi:
Hiyo nitaikata fupi. Ho 229 yenye jeti iliruka Oranienburg tarehe 2 Februari 1945, na tarehe 18 Februari ikaanguka baada ya injini moja kuzima, rubani Erwin Ziller akafa. Basi, hiyo ndiyo historia yake ya angani, majuma mawili. Nyingine iliyokuwa haijakamilika ilichukuliwa na Wamarekani na ipo mpaka leo kwenye makumbusho ya Smithsonian. Wataalamu wa Marekani walitengeneza mfano wake wakaupima kwenye rada, ukaonekana kwa umbali mfupi kidogo kuliko ndege ya kawaida ya wakati ule. Umbo ni zuri ajabu. Hayo mengine ni ya video.

Bibi Hisabati:
Tuweke namba basi. Jeti ngapi zilipigana kweli?

Mwanzisha uzi:
Me 262 zilizotengenezwa ni kama 1,430. Zilizofika vitani ni kama 300. Nyingine ziliungulia kwenye mabehewa, zilikosa injini, rubani au mafuta, au zilivunjika kwenye mazoezi.

Siku yake kubwa ilikuwa tarehe 18 Machi 1945. Ziliruka 37 dhidi ya ndege za mabomu zaidi ya 1,200 zenye walinzi zaidi ya 600. Ziliangusha ndege kubwa 12 na mlinzi mmoja, zenyewe zikapotea 3. Kwa uwiano ni kazi ya kiume, moja kwa nne. Lakini ukimtoa adui 12 kati ya 1,200 ni asilimia moja, na kesho yake anarudi.

Na mafuta, mkuu. Petroli ya ndege Ujerumani ilitengenezwa kutokana na makaa ya mawe, kwenye viwanda kama Leuna. Aprili 1944 walitoa tani 175,000. Mei Wamarekani wakaanza kuvipiga viwanda vile, na kufikia Septemba hazikufika tani 10,000 kwa mwezi. Mtu atasema jeti haikunywa petroli, ilikunywa J2, mafuta ya jamii ya dizeli. Sawa. Lakini mwanafunzi hafundishwi urubani kwenye jeti, anaanzia ndege za petroli. Kijana wa Kijerumani wa 1944 aliingia vitani na saa za mafunzo ambazo hazikufika nusu ya mwenzake wa Marekani. Uwanjani Me 262 hazikuendeshwa kwa nguvu zake mpaka mwanzo wa njia, zilivutwa na Kettenkrad, kile kipikipiki chenye minyororo kama kifaru, ili kuokoa mafuta.

Nimesahau kitu ambacho mafundi wenzangu watakipenda. Jumo iliwashwa kwa injini nyingine ndogo ya mzunguko wa viharusi viwili, ya Riedel, iliyofichwa kwenye pua ya injini kubwa. Umeme ukigoma, fundi anaivuta kwa kamba. Kamba ileile unayovuta kwenye jenereta ya dukani. Kuna pete yake imetokeza mbele katikati ya tundu la hewa, ukiitazama picha kwa makini utaiona.

Kitasa:
Nimekuelewa mkuu, nabadili msimamo kwa nusu. Ila mhandisi wa Kijerumani alibaki kuwa bora, ndicho ninachoshikilia.

Mwanzisha uzi:
Ushikilie tu, wahandisi wao walikuwa wa daraja la juu. Ila nakuomba uongeze jina la mahali kwenye kumbukumbu zako: St. Georgen an der Gusen, karibu na Linz, Austria. Pale wafungwa wa kambi ya Gusen walichimbishwa mahandaki mlimani mwaka 1944, kisha wakaundishwa maboma ya Me 262 humo ndani. Walikufa kwa maelfu, kwa njaa, kipigo na kazi. Kule Kahla, kwenye mlima Walpersberg, watu waliochukuliwa kwa nguvu kutoka Italia, Poland, Urusi na kwingineko walikata kilele cha mlima kuwa njia ya kurukia, na ndege zikawa zinapandishwa kwa lifti ya mteremko kutoka mahandakini. Zilizoruka kutoka pale ni chache mno.

Na mimi kama fundi najiuliza: riveti iliyogongwa na mtu mwenye njaa, aliyelazimishwa kumtengenezea silaha anayemuua, utaiamini? Wapo walioharibu kwa makusudi, na nawaheshimu.

Mwana wa Ruaha:
La mwisho kwangu. Kama ungeambiwa uchague moja katika zote, ipi ilifanya kazi yake vizuri?

Mwanzisha uzi:
Arado Ar 234, bila kusita. Injini zake ni zilezile Jumo zenye maisha mafupi, lakini ilipewa kazi inayolingana na uwezo wake: kupita juu, haraka, kupiga picha, kurudi. Haikuhitaji kupigana na mtu.

Tarehe 2 Agosti 1944 Erich Sommer aliipeleka juu ya fukwe za Normandy, Ufaransa. Kwa wiki nyingi hakuna ndege ya Kijerumani ya kupiga picha iliyoweza kupita pale ikarudi. Yeye alipita juu, akageuka, akapita tena, hakuna aliyemgusa. Picha zilipooshwa, makamanda wao wakaona kwa mara ya kwanza ukubwa wa kile kilichokuwa kimeshushwa ufukweni: malori, vifaru na shehena, kilomita kwa kilomita. Washirika, yaani Wamarekani, Waingereza na wenzao, walikuwa wametua tarehe 6 Juni. Zilikuwa zimepita wiki nane.

Ndege ile ya Sommer ilikuwa ya matoleo ya mwanzo, yasiyo na magurudumu. Iliruka juu ya kigari na kutua kwa skidi. Ikishasimama, haikuweza kujisogeza hata mita moja. Ilibaki palepale kwenye majani, injini zimezimwa, ikisubiri watu waje kuinyanyua na kuirudisha juu ya kigari.